Nywele Zako Kabla ya Kiapo: Mwongozo kwa Dada Anayekwenda Kuwa Muuguzi wa Jeshi la Marekani

Swali huja karibu kila mara kwa namna ileile. Binti ameshafaulu mtihani, ameshapimwa afya, tarehe ya kuondoka anayo mkononi, kisha ananipigia jioni na kuuliza kwa sauti ya chini: "Dada, nywele watanikata?"

Hawatakukata. Nyumbani tumezoea kumwona kuruta wa kike kanyolewa tangu siku za mwanzo kambini, ndiyo maana wengi wetu tunadhani ni hivyo duniani kote. Katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani wanaonyolewa ni wanaume. Mwanamke huingia na nywele zake, ila anadaiwa kuziweka ndani ya kipimo. Kazi yako ni kukijua kipimo hicho kabla ya safari, maana kule hakuna msusi, na muda wa kujifunza hutaupata.

Mimi nilivaa magwanda hayo nikiwa muuguzi, na tangu niyavue nimekuwa nikiwasuka mabinti zetu jikoni kwangu hapa Texas kabla hawajaondoka. Ninayoyaandika yanamhusu yule anayeingia kama askari wa kawaida ili asomeshwe uuguzi na jeshi, ambaye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, humtosha. Yanamhusu pia mwenye shahada ya uuguzi na uraia, anayekwenda kupewa kamisheni, yaani cheo cha uofisa, katika Kikosi cha Wauguzi wa Jeshi, kilichoanzishwa tarehe 2 Februari 1901. Njia zao ni mbili, kanuni ya nywele ni moja.

Hatua ya kwanza: pata kanuni yenyewe mkononi

Kanuni inaitwa AR 670-1. Iko wazi mtandaoni, kwenye tovuti ya machapisho ya jeshi, na mwandikishaji wako anaweza kukupa nakala. Isome sehemu ya nywele za wanawake mwenyewe, mara mbili, ukiwa na rula pembeni. Usiridhike na "nimesikia".

Nasisitiza hivi kwa sababu kanuni hii imebadilika mno, na kila dada atakayekushauri atakupa ile ya enzi zake. Machi 2014 lilitoka toleo lililokataza misokoto na kubana sana masharti ya mistari (nywele zinazosukwa zikilala bapa kichwani) na marasta (zinazosukwa moja moja), huku likizieleza baadhi ya nywele zetu kwa maneno ya kuumiza, kana kwamba ni vichaka visivyotunzwa. Wanawake weusi jeshini hawakunyamaza. Sajenti mmoja wa Walinzi wa Taifa huko Georgia alianzisha ombi kwa Ikulu lililopata saini zaidi ya 17,000, na wabunge wanawake weusi wakaandika barua. Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Chuck Hagel, akaamuru mapitio, na Agosti mwaka huohuo masharti yakalegezwa na maneno yale yakafutwa. Januari 2017 dredi zikaruhusiwa. Januari 2021 yakatangazwa mabadiliko makubwa zaidi, yakaanza kutumika Februari 25: urefu wa chini wa nywele ukaondolewa, hivyo mwanamke akaweza hata kunyoa upara, ikaruhusiwa kuchanganya mitindo, kwa mfano mistari iliyoishia kwenye fundo, na vipimo vya unene wa kila rasta vikafutwa. Mei 2021 kibutu kimoja cha nyuma, yaani nywele zilizokusanywa na kuachwa zining'inie kama mkia, kikaruhusiwa katika sare zote. Mwaka 2025 suala la mwonekano wa askari likafunguliwa tena na maelekezo mapya yakatoka. Kwa hiyo angalia tarehe ya nakala unayosoma.

Historia hii naieleza makusudi. Jeshi hili mwaka 1941 liliweka kikomo cha wauguzi weusi 56 tu. Mwaka 1979 lilimpandisha Hazel Johnson-Brown kuwa jenerali na mkuu wa kikosi kizima cha wauguzi. Ukisimama mbele ya kioo saa kumi alfajiri ukibana nywele za kipilipili ndani ya kipimo, ujue kipimo hicho kilipanuliwa na wanawake waliosema.

Hatua ya pili: vipimo

Toleo la 2021 na nyongeza zake lilieleza hivi, na hivi ndivyo ninavyowapima wanaokuja kwangu:

Fundo la nywele lisitokeze zaidi ya inchi 3.5, karibu sentimita 9, kutoka kwenye ngozi ya kichwa, wala lisiwe pana kuliko kichwa. Nywele zisizofungwa unene wake usizidi inchi 2, yaani sentimita 5 hivi, na zisishuke chini ya ukingo wa chini wa kola. Kibutu cha nyuma, au marasta mawili makubwa, yasipite chini ya mifupa ya mabega ukiwa umesimama wima, na yasizuie kofia kukaa.

Rangi iwe ya nywele za binadamu: nyeusi, kahawia, ya dhahabu. Zambarau, buluu, pinki na kijani ziache. Vibanio na mipira ifanane na rangi ya nywele zako. Shanga, riboni na vile vibanio vikubwa vya meno havikubaliki. Nywele za kuongezea na wigi vinakubalika vikionekana kama nywele za kawaida na vikifuata vipimo hivyohivyo. Ncha za marasta zifungwe au zichomwe vizuri, zisiachwe zikining'inia ovyo.

Hatua ya tatu: chagua mtindo kwa kofia, si kwa kioo

Hapa ndipo wengi hukosea, na hapa ndipo nilipokosea mimi.

Nilikwenda na marasta mazito ya kufika kiunoni, mapya, yaliyosukwa siku mbili kabla. Yalikuwa ndani ya kanuni nikiyakunja fundo, kwa hiyo nikaona nimemaliza. Siku ya kugawiwa kofia ya chuma, kofia ilikaa juu ya lile fundo kama sufuria juu ya figa moja. Nikalishusha fundo hadi kisogoni. Tulipolala kifudifudi kulenga shabaha, likawa linaisukuma kofia mbele mpaka inaniziba macho. Usiku ule niliyafumua chooni kwa mwanga wa tochi. Mabinti wawili ambao hatukuwa tumezoeana, mmoja wa Puerto Rico na mwingine wa Alabama, waliketi huku na huku wakinisaidia bila kuulizwa. Tulimaliza saa tisa. Saa kumi na nusu tukaamshwa.

Kwa hiyo jaribu hivi nyumbani. Tafuta kofia ngumu, hata ya baiskeli au ya ujenzi, uivae na mtindo unaoutaka. Funga mkanda wa kidevu. Lala kifudifudi sakafuni, inua kichwa utazame mbele. Kofia ikikusukuma, mtindo huo haufai, hata kama unapendeza kiasi gani. Kisha kumbuka barakoa ya gesi: ukingo wake lazima ugusane na ngozi ya uso pande zote, na nywele zikipita chini yake hewa chafu huingia. Mtindo wenye vinywele vya mbele vilivyoachwa, au mistari inayoshuka mashavuni, utakusumbua siku hiyo.

Maoni yangu juu ya mitindo, baada ya kusuka vichwa vingi:

Twende kilioni, au matuta kama wanavyosema wenzetu wa Kenya, ndiyo bora kuliko yote kwa wiki za mafunzo. Mistari inalala bapa, inakwenda nyuma, inaishia kwa kibutu kifupi au fundo dogo lililokandamizwa kisogoni. Suka kwa nywele zako mwenyewe, au ongeza kidogo sana. Mistari minane hadi kumi inatosha. Usikubali msusi akuvute mpaka macho yapande. Vipele vidogo vyeupe vikianza kwenye mstari wa paji la uso, amevuta mno, na afumue.

Nywele fupi za asili, zilizopunguzwa hadi kama sentimita mbili au tatu, ndizo zinazokupa usingizi mrefu. Nawaambia wazi: kama moyo wako unakubali, punguza. Hakuna anayekulazimisha, lakini dakika kumi za usingizi kule ni mali.

Dredi zilizokomaa ni nzuri, mradi zikunjike. Usianze dredi mpya mwezi mmoja kabla ya kuondoka. Zinahitaji kusokotwa mara kwa mara ili zishike, na zitafumuka kwa jasho la kofia ukaonekana huna utunzaji.

Wivi la kushonea liache. Ngozi haifikiwi na maji, jasho linaganda chini yake, na muwasho wake usiku utakuondolea raha yote. Wigi nalo lihifadhi kwa siku za ofisini baada ya mafunzo.

Hatua ya nne: wiki sita kabla

Kama unatumia dawa ya kulainisha nywele, amua mapema. Mafunzo ya awali ya askari huchukua takriban wiki kumi, na ndani yake hakuna saluni ya kukuwekea dawa. Nywele mpya zitaota za kipilipili huku za zamani zikiwa laini, na pale zinapokutana ndipo hukatika, hasa ukizibana kila siku mahali palepale. Ama weka dawa ya mwisho wiki tatu hivi kabla na uondoke na mistari isiyovutwa, ama anza sasa kuzikata ncha zenye dawa. Kuweka dawa na kusuka wiki hiyohiyo ni kuiumiza ngozi mara mbili.

Wiki ya nne kabla, jifunze kujisuka. Hili ndilo ninalolisimamia kuliko yote. Anza na mistari miwili mikubwa, mmoja kila upande, kutoka mbele hadi kisogoni, bila kioo. Itakuwa mibaya. Rudia kesho. Mikono ikishazoea, zima taa usuke gizani, maana bwenini hutawasha taa wakati wengine wamelala. Binti aliyeweza kusuka mistari miwili gizani kwa dakika kumi nimemwambia aende bila wasiwasi.

Wiki ya mwisho, suka siku nne au tano kabla ya kuondoka, si usiku wa kuamkia safari. Ngozi ipoe kwanza, kofia isikukute kichwa kinauma. Waombe nyumbani wakupige picha mbele, nyuma na ubavuni, ulinganishe na kanuni mstari kwa mstari.

Kwa dada anayejistiri

Wengi wanaonipigia ni wa Mombasa, Tanga na Unguja, na swali lao la kwanza si kusuka. Ni hijabu. Tangu Januari 2017 jeshi limekuwa na utaratibu wa wazi wa kuomba ruhusa ya kuvaa hijabu na sare, ombi ambalo wakati huo liliweza kuamuliwa na kamanda wa ngazi ya brigedi. Ombi huandikwa, askari huzungumza na kasisi wa kijeshi ili athibitishe kwamba ni imani ya kweli, kisha huamuliwa. Hijabu yenyewe iwe ya kitambaa kisicho na nakshi, rangi ikaribiane na sare, iingie chini ya kofia ya chuma na isizuie barakoa kushika uso.

Mwambie mwandikishaji mapema, kwa maandishi, kabla ya kula kiapo. Usisubiri ufike. Na chini ya hijabu, ushauri wa nywele ni uleule: mistari bapa, hakuna fundo kubwa, na nywele zikauke kabisa kabla ya kufunikwa.

Mfuko wako

Mizigo hukaguliwa, na vingi huchukuliwa vikahifadhiwa mpaka mwisho. Beba vichache. Chanuo moja lenye meno mapana na kitana kimoja chenye mkia. Mipira ya nywele isiyo na chuma, ya rangi ya nywele zako, isipungue ishirini, kwa kuwa hupotea kama sindano. Pini nyembamba. Kopo dogo la mafuta yasiyo na harufu kali. Mafuta ya nazi yanafaa, ila yafunge ndani ya mfuko wa plastiki. Kofia ya satini ya kulalia, nyeusi. Jeli ya plastiki, si ya chupa ya kioo. Basi.

Alfajiri yenyewe

Mpango mzuri ni kwamba nywele hutengenezwa usiku na alfajiri husawazishwa tu. Baada ya kuoga, paka mafuta kidogo kwenye mistari ya ngozi, vaa kofia ya satini, lala. Ukiamka, vua, lowesha viganja kwa maji, pitisha kutoka paji la uso kwenda nyuma, paka jeli kiasi cha ncha ya kidole kwenye kingo, kisha funga kitambaa wakati unavaa buti na kutandika kitanda. Ukimaliza kutandika, kingo zimelala. Vua kitambaa, funga kibutu, kunja fundo, choma pini nne kwa pande nne.

Wenye nywele zisizosukwa wafunge katika hatua mbili: mpira wa kwanza ukusanye, wa pili ukunje. Ukitumia mpira mmoja kwa yote utalazimika kuvuta sana, na kuvuta huko kila siku ndiko kunakoua nywele za mbele. Vipara vya pembezoni mwa paji la uso vinavyotokana na kubana ni miongoni mwa sababu zilizotajwa wazi jeshi lilipolegeza kanuni mwaka 2021. Badilisha mahali pa fundo: leo chini kabisa, kesho sentimita mbili juu. Na taa zikizimwa usiku, fungua kila kitu. Kila kitu.

Jumapili

Siku ya Jumapili huwa na nafasi kidogo. Osha ngozi ya kichwa, hata kama mistari imesukwa: changanya shampuu na maji katika chupa, mimina kati ya mistari, sugua kwa ncha za vidole, suuza sana. Chumvi ya jasho ikikaa wiki mbili hukausha nywele na kuleta mba. Kausha vizuri. Usifunge fundo bichi siku baada ya siku. Nywele zilizokaa na unyevu hunuka, na fangasi wa kichwa huambukiza bweni zima. Mistari fumua baada ya wiki mbili au tatu, usuke upya. Tafuta mwenzako mbadilishane, wewe umsuke, yeye akusuke. Urafiki mwingi wa jeshini nimeona umeanzia hapo.

Sajenti akikukosoa, jibu "Ndiyo, Sajenti" na urekebishe papo hapo. Kama unaamini hajui kanuni, usibishane kwenye paredi. Jioni mwendee kwa adabu na nakala yako, mwonyeshe ukurasa. Nimeona mabinti wakisikilizwa hivyo.

Ukifika San Antonio, na wodini

Mafunzo ya tiba ya jeshi hili yako Fort Sam Houston, San Antonio, Texas, kwa maofisa na kwa askari wa kawaida. Pale mjini wasusi wa Kiafrika wapo, na utapata nafasi ya kusuka tena. Lakini sasa una kanuni mbili kichwani: ya jeshi na ya hospitali. Ya hospitali ni kali kwa namna yake.

Barakoa ya N95, ile ya hospitali inayochuja hewa, ina kamba mbili, ya juu hupita utosini na ya chini shingoni. Ukienda kupimwa kama inakukaa, nenda na mtindo utakaouvaa kazini. Ukipimwa na mistari bapa kisha ukaja zamu na afro iliyojaa, kamba ya juu itateleza. Kamba ya chini ipite chini ya kibutu, isikae juu yake.

Thieta, yaani chumba cha upasuaji, nywele zote ziingie ndani ya kofia, pamoja na zile za masikioni na kisogoni. Zile kofia ndogo za kufunga kwa nyuma hazitoshi kwa wenye marasta. Chukua ile ya mviringo yenye mpira, vaa mbili kama moja haifiki, na utazame kisogo kwa kioo cha mkononi kabla ya kunawa mikono. Ukishanawa huwezi tena kugusa kichwa.

Wodini, usiache kibutu kikianguka mbele unapoinama, hata kama kanuni ya sare inakiruhusu. Kinagusa kidonda, kinagusa shuka, kisha kinagusa mgonjwa wa kitanda kinachofuata. Na mgonjwa anayezinduka kutoka kwenye usingizi wa dawa hushika chochote kilicho karibu na mkono wake. Mimi nilishikwa rasta na kijana aliyedhani bado yuko vitani. Hakuwa na kosa, na ilituchukua wauguzi wawili kumfungua vidole taratibu huku tukimwita kwa jina lake. Tangu zamu ile nilikunja fundo, nikalifunika, ndipo nikasogea kitandani.